Betri haifi kwa baridi, inakufa kwa kusahauliwa

Waungwana, majira ya baridi yakibisha hodi hapa Uingereza, wengi wetu tulionunua pikipiki wakati wa kiangazi hufanya jambo lile lile: tunaitupia turubai, tunaisukuma ukutani, na tunakutana nayo tena Machi. Inabonyezwa swichi, inasikika "tk, tk", kisha kimya. Lawama zote zinakwenda kwa baridi.

Sisi hatuikubali lawama hiyo. Nyumbani hatukujifunza kulaza pikipiki, kwani bodaboda hailali. Inazunguka mwaka mzima na betri inajazwa njiani. Huku inasimama miezi minne. Hata ikiwa imezimwa, alamu na saa vinaendelea kuinyonya betri kidogo kidogo, na betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, bamba zake zinaota ukoko wa salfeti ambao ukishakomaa hautoki. Betri iliyojaa haigandi ovyo. Iliyoisha chaji inaweza kuganda na kupasuka kasha. Kwa hiyo baridi inamalizia tu kazi tuliyoianza wenyewe.

Dawa yake haina uganga. Tenki lijazwe petroli ili unyevu usipate nafasi, na oili chafu imwagwe kabla ya kulaza, si baada. Kisha betri itolewe, waya wa hasi ukitangulia kufunguliwa, iwekwe pakavu na ipimwe. Ikisoma voliti 12.6 au zaidi baada ya kupumzika, iko salama. Ikishuka hadi 12.4, irudishwe kwenye chaja. Bora zaidi ni ile chaja ndogo inayojaza kisha yenyewe ikapunguza umeme na kubaki kulinda. Chaja kuukuu ya gari isiyojizima huikaanga betri ndogo ya pikipiki. Na tafadhali sana, si chumbani wanakolala watoto: betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.

Wapo wenzetu wanaowasha injini dakika tano kila Jumapili, wakiamini wanaitunza. Dakika tano hazirudishi umeme uliotumika kuiwasha, na injini isiyopata moto wa kutosha hubaki na maji kwenye oili na ekzosi. Heri kuiacha ilale.

Anayetaka kuacha kulipa kodi ya barabara aiarifu DVLA, na akishaarifu asiiache kwenye barabara ya umma.

Lakini kilichotusukuma hasa kuandika ni hizo betri zilizokufa. Tumeona watu wakizipenyeza kwenye makontena ya kwenda Mombasa na Dar es Salaam, eti fundi atazifufua. Kwanza, sheria za hapa zinakataza kupeleka taka za namna hiyo katika nchi zetu. Pili, tunajua mwisho wake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwalisha majirani moshi wa risasi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Alipambana mpaka akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakizika na kuuguza.

Ndiyo maana tunashangaa mtu anayeona uzito kununua chaja, kisha akaona wepesi kusafirisha risasi kwa mama zake na shangazi zake. Kituo cha taka cha halmashauri huipokea betri mbovu. Anayekuomba nafasi kwenye kontena lako kwa ajili ya mzigo huo, mkatalie, hata akiwa shemeji.