Tuache kuiogopa SSD kwa makosa ya mwaka 2008

Mwalimu mmoja wa hapa Ilembula alifika kwangu mwishoni mwa muhula akiwa ameikumbatia kompyuta mpakato yake kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoka Makambako, akashuka kwenye barabara kuu ya Mbeya, akamalizia safari kwa bodaboda. Kabla ya kuondoka mjini aliifunika tu, hakuizima. Ndani ya begi diski ikaendelea kuzunguka huku pikipiki ikiruka mashimo. Alipoifungua nyumbani alisikia mlio wa tak, tak, tak, kisha kioo kikawa cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, alama za wanafunzi za mwaka mzima na picha za mazishi ya mama yake, vyote vilikuwa humo.

Iliniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni ushauri aliopewa na fundi aliyeipima: anunue diski nyingine ya kuzunguka, tena kubwa zaidi, kwa sababu eti SSD, yaani diski ya chipu za flashi isiyozunguka, ni nyepesi, inakufa upesi, na anayetaka uhakika abaki na diski aliyoizoea.

Neno hilo nimelisikia Makambako, nimelisikia Njombe mjini, na nimelisikia kwenye steshenari za hapa kijijini kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Nalipinga. Si kweli tena, na wanaolilipia ni wale wasio na fedha za kukosea mara mbili.

Hofu yenyewe ina asili yake, na si ya kijinga. Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba, miaka ya 1980, na tangu mwanzo ilijulikana kwamba kila chembe yake huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. SSD zilipoanza kuwafikia watu wa kawaida, bei ilitisha kuliko uchakavu. Mwaka 2008 Intel walitoa X25-M ya GB 80 kwa dola 595, tena hiyo ni bei ya jumla kwa wanaonunua elfu moja kwa mpigo. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya laki sita, kwa nafasi ambayo diski ya kawaida ya dola chini ya 100 iliizidi mara kadhaa. Za bei nafuu zilikuwa na balaa lake: nyingi zilitumia chipu ya kuongozea ya JMicron iliyoshindwa kumudu maandishi madogo madogo, kompyuta ikawa inaganda sekunde nzima mtu akiwa anachapa barua. Hata hiyo ya Intel ilipungua kasi baada ya kutumika, hadi programu yake ya ndani iliporekebishwa mwaka 2009. Mwaka 2011 wakatoa nyingine, aina ya 320, ambayo umeme ukikatika vibaya ingeweza kuamka ikidai ina MB 8 tu, na kila kilichokuwamo kimepotea.

Basi aliyesita kununua wakati ule alikuwa na haki ya kusita. Mimi mwenyewe nisingemshauri mtu wa Ilembula, na umeme wetu huu, atoe fedha yake kwa SSD ya mwaka 2008.

Ila tazama ni nini hasa kilichoziponza zile za mwanzo. Zilizoganda hazikuchakaa. Ile iliyojisahau na kudai MB 8 haikuchakaa pia. Zote ziliponzwa na chipu na programu za ndani, vitu ambavyo kiwanda hurekebisha, na vilirekebishwa. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, nayo ikaja na njia ya kuiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena, ili izisafishe mapema isije ikazidiwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi wa huku wengi wetu hatukuumwa. Tulisimuliwa habari za nyoka, na miaka ikapita tukiwa bado tunaruka unyasi.

Tuufikie uchakavu wenyewe, maana ndio unaotajwa kila mara. Mwaka 2013 tovuti ya Marekani ya The Tech Report ilichukua SSD sita za GB 240 hadi 256 ikaanza kuziandika mfululizo, usiku na mchana, mpaka zife. Hakuna iliyokufa kabla ya kuandikwa TB 700. Ya mwisho, Samsung 840 Pro, ilizimika mwaka 2015 ikiwa imepita TB 2,400. Hata tuachane na maabara, tushike ahadi ya kiwanda pekee: Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni ya bei ya chini kabisa, imetajwa kuvumilia TB 80. Steshenari inayoandika GB 20 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, na ni steshenari chache mno zinazofika hapo, itahitaji siku 4,000 kuimaliza. Hiyo ni karibu miaka 11. Nionyesheni mpakato wa mtumba ulioingia Makambako na diski yake ya kuzunguka ukafika miaka 11 ukiwa mzima.

Na hiyo diski tunayoiita ya uhakika, tuifungue kwa mawazo tuione. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ya nanomita chache. Unywele wa mtu una nanomita makumi ya maelfu. Kitu cha namna hiyo, kikiwa kinazunguka, ndicho tulichokifunga mgongoni tukapanda bodaboda. SSD haina sahani wala kichwa. Itikise utakavyo njia nzima, hakuna cha kugongana na kingine.

Mzunguko huohuo ndio unaofanya kompyuta iwe "nzito", kama tunavyosema. Mara 5,400 kwa dakika ni mara 90 kwa sekunde. Kila kompyuta inapotaka kipande cha faili, kichwa husogea, kisha husubiri sahani igeuke. Ukijumlisha, diski hutimiza maombi kama 60 hivi kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu. SSD, hata ile ya Intel ya 2008, hujibu maelfu kwa sekunde. Kwa hiyo mtu anapiga Windows upya kila baada ya miezi miwili, analipa fundi, anaongeza RAM, analipa tena, na kompyuta inabaki kumngoja mzee yuleyule anayezunguka. Wanafunzi wa chuo cha afya hapa Ilembula wanaokesha kuandika taarifa zao wanaifahamu adha hiyo. Wengi hudhani wanahitaji kompyuta mpya.

Mafundi wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema diski ya kuzunguka hulia kabla ya kufa, SSD hufa kimya, na iliyokufa haiokoleki. Ni kweli kwamba SSD nyingi hufa ghafla. Lakini mlio ule haukumsaidia mwalimu wangu. Alipousikia, sahani ilikuwa imeshakwaruzwa. Kuifungua diski ili kuokoa kilichomo kunataka chumba kisicho na vumbi, vifaa maalumu na fedha nyingi, na huku kwetu sijawahi kumwona fundi mwenye chumba hicho. Faili zisizo na nakala nyingine zimekaa vibaya popote zilipo. Anayeshikilia diski ya kuzunguka kwa tumaini la kuokolewa ameweka tumaini mahali ambapo hatafika.

Kuna SSD nisizozitetea. Zile kuukuu za miaka ya 2008 hadi 2011 zinazotolewa kwenye mitumba na kuuzwa peke yake, usichukue, hata kwa bei ya soda. Usichukue pia ile isiyo na jina inayodai TB 2 kwa bei ya GB 120. Nyingi ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofichwa ndani ya kasha na kufundishwa kudanganya ukubwa wake. Utaijaza, nayo itaandika juu ya kazi zako za zamani bila kukuambia. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako na afungue programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ilizotumika na afya iliyobaki. Akikataa, ondoka.

Mwalimu wangu hakupata alama zake. Alizikusanya upya kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, wiki tatu. Picha za mama yake alizipata chache kwenye simu ya shangazi. Sasa ana SSD ya GB 240, na kila Ijumaa ananakili kazi zake kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani kabatini, isiyopanda bodaboda.

Nawe ukienda Makambako kubadilisha, na ile yako ya zamani bado inapumua, usiiache dukani. Mwambie fundi ahamishe kila kitu, kisha akurudishie ile diski mkononi. Nunua kasha la USB la kuivalisha, iwe ya kutunzia nakala. Kazi zako bado zimo humo, na haziko salama mikononi mwa mtu usiyemjua.