Rekoda: Filimbi ya Shuleni na Asili Yake

Mzazi wa Voi ambaye mtoto wake ameingia Gredi ya Nne hupewa orodha ya vifaa vya kununua, na kati ya madaftari na penseli hulikuta neno "rekoda". Wazee hushangaa, kwa kuwa jina hilo walilizoea kuwa la redio yenye kanda, na si ajabu mtu kufika dukani akaonyeshwa kitu asichotumwa. Kitakiwacho ni filimbi. Tena si ile ya mwamuzi wa mpira, bali ya kupigia nyimbo. Urefu wake hupita futi moja kidogo, nayo ina matundu saba mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba.

Chombo hiki si kigeni kabisa nchini. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi shule zimepeleka humo watoto wapigao rekoda. Lakini hao walikuwa wachache. Mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya Nne mwaka 2020, jambo la wachache likawa la kila mtoto, na hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Kwa mkulima wa Mwatate au Sagalla ambaye ndovu wamepita shambani mwake usiku, hata fedha kidogo si ya kuchezewa, na ni haki yake kujua anunua nini.

Rekoda ni chombo cha kale. Moja iliyofukuliwa huko Dordrecht, nchini Uholanzi, mwaka 1940, yadhaniwa kuwa ya karne ya 14. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipofariki mwaka 1547, mali yake iliandikwa, zikahesabiwa rekoda 76. Siri yake imo kinywani: kipande cha mti huzibishwa humo, kikaachiwa mwanya mwembamba upelekao pumzi moja kwa moja penye ukingo mkali, nao ndio utoao sauti. Mpigaji hana haja ya kujifunza kukaza midomo. Kwa hiyo mtoto aweza kupata sauti siku ya kwanza, ingawa majirani hawataiita muziki.

Urahisi huo una hasara yake. Sauti ya rekoda ni ndogo. Mtu akivuvia kwa nguvu ili isikike mbali, hulia kama kifaranga. Katika karne ya 18 bendi za Ulaya zilipokuwa kubwa, watu waliiacha wakachukua filimbi ya kulazwa ubavuni, ambayo ni jamaa ya chivoti ya Wadigo wa Kwale. Rekoda ikawa kitu cha kuwekwa makabatini.

Aliyeirudisha Uingereza ni fundi mmoja, Arnold Dolmetsch. Mwaka 1905 alinunua rekoda ya zamani iliyotengenezwa na Bressan, akaitunza sana. Mwaka 1919, jamaa yake walipokuwa safarini, mfuko wenye filimbi hiyo ulisahauliwa katika stesheni ya Waterloo, London. Mwenye kuuchunga alikuwa mwanawe mdogo, Carl, na mtu aliyepata kumtuma mtoto na kitu cha thamani ataelewa. Lakini Dolmetsch alikuwa ameandika vipimo vyake, akaketi kuchonga nyingine. Ile iliyopotea ilipatikana baadaye, na Carl akakua kuwa mpigaji mashuhuri. Katika miaka ya 1930 Edgar Hunt aliipeleka shuleni, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaanza kutengenezwa za plastiki kwa wingi, ambazo ndizo zilizofika hata Taveta na Wundanyi.

Sasa jambo la kuangalia dukani. Rekoda ni za namna mbili, nazo hufanana hata muuzaji huenda asijue tofauti. Yahesabiwe matundu ya mbele kutoka juu. Kama la nne ni dogo kuliko la tano, hiyo ni ya namna ya kale. Kama la tano ndilo dogo, ni ya namna ya Kijerumani, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1920. Ya Kijerumani huwa rahisi kwa wimbo wa kwanza, kisha humsumbua mtoto afikapo kwenye sauti za nusu. Darasa likiwa na mchanganyiko, mwalimu akionyesha vidole vya namna moja, watoto wa namna ya pili watakosea bila kosa lao, na pengine wataitwa wazito wa masikio. Ni afadhali mzazi amwulize mwalimu kwanza, na bora zaidi mwalimu aandike katika orodha ile ile ni namna gani itakiwayo.

Mzazi aliyeimba kwaya kwa do-re-mi aweza kumsaidia mtoto nyumbani: matundu yote yakizibwa vema na pumzi ikiwa ya polepole, hiyo ni do ya chini. Filimbi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wala isipitishwe kinywa hadi kinywa wakati wa mafua. Tena isiachwe juani, maana jua la Voi hupinda plastiki, na iliyopinda hairudi kuimba sawasawa.