Nauli Nafuu, Nafuu ya Nani?

Mimi si adui wa daladala. Tangu mwaka 1983, Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam kwa sababu mabasi ya UDA hayakutosha, daladala zimemfikisha mnyonge mahali ambapo shirika la umma lilishindwa. Kwetu Ushetu, mama mwenye kuku wawili na gunia la mpunga hufika Kahama kwa Hiace, wala haulizwi cheo chake.

Ninalopinga ni neno "nafuu". Kiti cha watatu hukaliwa na wanne, na breki mbovu husubiri mwezi ujao. Sote tunamlaani dereva. Lakini kila jioni dereva hudaiwa hesabu ileile, mvua inyeshe, barabara ikatike. Kinachobaki ndicho ugali wake na wa konda. Nani basi atamkataa abiria wa ishirini?

LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hupanga nauli. Hesabu huipanga tajiri mwenyewe. Ndugu zangu wenye magari, mlipeni dereva mshahara, kisha mdaini adabu. La sivyo, nafuu hiyo ni yenu. Sisi abiria tunailipia kwa mbavu zetu.