Alama 10, Kisha Nani?

Toleo hili limetokana na ubishi uliokaa mezani petu muda mrefu. Je, kila mgonjwa anayekuja kliniki ya kisukari, ya presha au ya VVU (CTC) hapa Dodoma asomewe dodoso la sonona na wasiwasi kabla hajamwona daktari? Wengi walioniandikia wanasema ndiyo. Mimi nasema bado.

Ugomvi wangu si na dodoso lenyewe. PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa, imepimwa vya kutosha, hata kwa Kiswahili. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2019 unaonyesha kwamba, kikomo kikiwa alama 10, inawanasa wagonjwa 88 katika kila 100 wenye sonona, na katika kila 100 wasio nayo inawaacha 85. Haya, tuiingize kliniki. Wamekuja wagonjwa 100, na 10 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa 9. Litawanasa pia 13 au 14 wasio nayo. Muuguzi anabaki na watu 22 au 23 mkononi, na zaidi ya nusu yao hawana sonona. Kuwatenganisha kunataka mtu mwenye ujuzi, chumba, na muda wa kuzungumza na mmoja mmoja siku hiyohiyo. Ni zahanati ngapi za Bahi, Chemba au Kongwa zilizo na mtu huyo?

Na hao waliozidi hawakujibu vibaya. Mgonjwa ambaye sukari imempanda huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, mchana akashinda amechoka. Wa kifua kikuu hamu ya chakula imemtoka. Waliotumia efavirenzi, dawa ya VVU, wanajua usiku wa ndoto za kutisha. Usingizi, uchovu na hamu ya kula vyote vina alama kwenye PHQ-9, na vyote huletwa na ugonjwa uliomleta mtu hospitali. Zigmond na Snaith waliliona jambo hili tangu 1983, ndiyo maana dodoso lao la HADS, lililotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, liliziacha kando dalili za mwili za namna hiyo. Nimesikitika kwamba ni mwandishi mmoja tu wa toleo hili aliyeligusa.

Linaloniuma zaidi ni swali la tisa la PHQ-9. Linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni heri ungekufa, au umewaza kujidhuru. Kuna bibi ambaye Kigogo ndiyo lugha anayoizungumza kwa utulivu, na kliniki amesindikizwa na mjukuu wa kumtafsiria. Swali hilo litapita kinywani mwa mtoto, kwenye benchi la varanda, majirani wakisikia. Bibi atasema hapana, na muuguzi ataandika sifuri. Na akisema ndiyo? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Sisi hatujafika hapo. Kisha bibi huyo ataambiwa anapewa rufaa ya Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili imehudumia watu tangu 1927 na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa mitaani, lakini kila mkazi wa Dodoma anajua familia inavyoshtuka kusikia ndugu yao anapelekwa huko. Mgonjwa mwenye alama 12 hana haja ya safari hiyo. Wataalamu wa Mirembe ndio wamfuate pale anapochukulia dawa zake za presha.

Wanaotuletea mfano wa Marekani wausome mpaka mwisho. Jopo lao la huduma za kinga lilipopendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima wote wachunguzwe sonona, liliweka sharti la kuwapo mfumo wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Kanada, mwaka 2013, walishauri watu wazima wasichunguzwe kwa utaratibu huo. Na mapitio ya Gilbody na wenzake ya 2005 yalikuta kwamba dodoso peke yake halibadilishi mengi katika hali ya mgonjwa. Sharti la kuwapo mfumo ndilo linaloanguka njiani kila mpango unapofika kwetu. Karatasi hufika kwanza, na mtu wa kuzungumza na mgonjwa tunaahidiwa baadaye.

Wenzetu wa Harare, Zimbabwe, walianzia kwa mtu. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wahudumu wa jamii, wengi wao kina bibi, kukaa na mgonjwa kwenye benchi la zahanati na kumsaidia kulitatua tatizo lake kwa vikao sita. Dodoso lilikuwapo, lakini aliyevuka kikomo alikuwa na wa kumpokea. Jaribio lao la zahanati 24 na wagonjwa 573, lililochapishwa 2016, lilionyesha wagonjwa wa benchi wakiwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6. Serikali yetu ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wafundishwe kazi hii kwanza.

Makala ya kwanza inanipinga kwa hoja nzito, na nimeitanguliza kwa sababu hiyo. Ile ya wajawazito isomwe sambamba na kazi ya Sylvia Kaaya na wenzake waliyoifanya Dar es Salaam. Ukurasa wa muuguzi wa Mpwapwa kuhusu faragha ni mfupi, usiuruke.

Wewe ambaye kituo chako tayari kinajaza madodoso haya, fungua majalada ya mwezi uliopita utuandikie jambo moja tu: waliovuka alama 10 walikwenda kwa nani?