Kambi za mitihani Micheweni: tunachokipata Novemba na tunachokipoteza mwaka mzima



Ndugu zangu, Novemba inakaribia, na katika skuli nyingi za Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, huu ndio msimu wa kambi. Msomaji wa mbali pengine hajui neno hili lina maana gani huku shamba. Kambi ni zile wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambapo watahiniwa huhamia skuli. Hulala madarasani, au kwenye dahalia pale ilipo. Hupikiwa kwa zamu, husomeshwa mchana, na usiku hudurusu kwa makundi mpaka saa nne au saa tano. Wazee huchanga mchele, unga, maharage na kuni. Walimu huacha nyumba zao. Viongozi hupita na magunia na kupiga picha. Matokeo yakitoka, skuli iliyopandisha ufaulu hufanyiwa sherehe, na wenye daraja la kwanza huitwa mbele kupewa zawadi.

Haya ni mafanikio ya kweli, na anayeyadharau hajui yanatoka katika mazingira gani. Sehemu kubwa ya mashariki ya wilaya hii ni ardhi ya mawe. Maziwang'ombe, Kiuyu na vijiji jirani maisha ni bahari, mwani, kilimo cha kubahatisha na kuvunja kokoto. Ripoti za umasikini zimekuwa zikiitaja Micheweni mara kwa mara miongoni mwa wilaya zenye hali ngumu zaidi Zanzibar. Mtoto wa hapa anafanya mtihani uleule wa Baraza la Mitihani la Tanzania anaoufanya mtoto wa Dar es Salaam, kwa lugha ya Kiingereza ambayo haisikii nyumbani wala sokoni. Akipata daraja la kwanza, amepanda mlima.

Lakini wajibu wetu si kushangilia tu. Tujiulize kambi inafanya nini hasa mpaka matokeo yabadilike.

Mwalimu wa kambini ni yuleyule aliyekuwapo Machi. Kitabu ni kilekile, na akili ya mtoto ni ileile. Kilichobadilika ni vitu vichache. Mtoto amepata taa usiku. Amepata saa za kusoma ambazo hakuna anayemkatiza. Amepata wenzake wa kuulizana nao na mtu mzima wa kumsimamia. Amepata sahani ya chakula kwa wakati. Na zaidi ya yote, amepumzishwa kazi za nyumbani.

Hili la mwisho linawahusu zaidi watoto wa kike. Maji yakiwa ya bamvua, mama yuko pwani kwenye mwani tangu maji yanapotoka, na msichana ndiye anayebaki na wadogo zake, ndoo za maji na jungu la jioni, au anafuatana na mama kwenda kuvuna. Akimaliza kuosha vyombo usiku, daftari linamshinda usingizi. Mvulana naye ana yake: msimu wa dago ukifika anafuata wavuvi, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri anatafuta pishi za kuchuma kwa watu. Msichana huyu anapoingia kambini, kwa mara ya kwanza katika maisha yake anakuwa mwanafunzi tu. Wiki sita baadaye tunasema, "Kumbe ana akili!" Akili alikuwa nayo siku zote. Alichokosa ni saa mbili za utulivu kila usiku.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme kambi ni ya wiki sita, siku sita kwa wiki, na kila siku inampa mtoto saa sita za masomo ya ziada. Hizo ni saa 216. Sasa tuseme mtoto anapewa saa mbili tu kila usiku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka. Hizo ni saa 400. Kwa miaka minne ya sekondari zinakuwa 1,600. Jamii inayoweza kuwalisha watoto kambini kwa wiki sita haishindwi na hili. Inachokosa ni mpango.

Upande wa pili ni wale wasioonekana siku ya sherehe. Asilimia ya ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani. Tuseme skuli ilipokea watoto 90 Kidato cha Kwanza. Waliofika chumba cha mtihani ni 50, na waliofaulu ni 40. Bango litaandika asilimia 80, na halitakuwa limesema uongo. Lakini kwa wale 90 tuliowapokea, waliofaulu ni asilimia 44. Wale 40 waliopotea njiani wako wapi? Wengine wako dago, wengine wameozwa, wengine wanauza mitaani Unguja au Dar es Salaam. Wametoka kimyakimya, na hakuna kikao kilichoitwa kwa ajili yao. Mfano huu nimeutunga, lakini kila kamati ya skuli inaweza kuweka hesabu zake badala ya zangu na kuona zinasema nini.

Kuna na mtoto mwengine tunayempoteza huku tukimuona. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar, na kila mwaka siku hiyo huadhimishwa kwa tamasha la michezo na sanaa la wanafunzi. Wanatoka vijijini watoto wanaokimbia kama upepo. Katika Ramadhani nao huonekana watoto waliohifadhi juzuu tano, kumi, na zaidi. Januari ikifika, wengi kati ya hawa huambiwa na skuli kwamba hawana akili. Ndugu zangu, mtoto aliyehifadhi juzuu kumi ana subira, ana kumbukumbu, ana nidhamu ya kurudia jambo mpaka likae. Hayo ndiyo mwalimu wa Baiolojia anayoyatafuta. Mwalimu wa chuoni na mwalimu wa skuli wanaishi kijiji kimoja na wanasali msikiti mmoja, na hawajawahi kukaa siku moja kuzungumza juu ya mtoto huyu mmoja.

Hapa nawageukia wenzangu wa madrasa. Mtoto wa Pemba ana skuli mbili. Asubuhi yuko skuli na jioni yuko chuoni, au kinyume chake pale skuli inapokwenda kwa mikondo miwili. Mwalimu wa skuli akipanga masomo ya ziada saa za chuo, mtoto anapigwa chuoni kwa kuchelewa. Mwalimu wa chuoni akikataa kumpa ruhusa, anaadhibiwa skuli. Mtoto huyo hana kosa, na anayebeba ugomvi wetu ni yeye. Wengine huchoka na kuacha moja, na wengine huacha zote mbili.

Dawa yake naiona hapohapo chuoni. Karibu kila kijiji kina chuo au msikiti wenye taa, mkeka na mtu mzima anayeaminika. Baina ya Magharibi na Isha watoto tayari wapo. Baada ya Isha wabaki kwa muda, wafungue madaftari ya skuli, wakubwa wawasaidie wadogo, na kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Sita asimamie. Wakae wasichana upande wao na mwalimu wao wa kike, na kila mtoto afike nyumbani akiwa na mwenzake. Hakuna jengo jipya linalohitajika. Tunajua kutoka katika sira kwamba mateka wa Badri waliojua kuandika, na hawakuwa na mali ya kujikomboa, walipewa njia ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Waliofundisha walikuwa washirikina, na kilichofundishwa kilikuwa ni kuandika. Vipi sisi tuone taabu kufungua Hisabati juu ya mkeka wa chuo?

Na kwa kuwa wasomaji huuliza, nayajibu masuali matatu kwa ufupi.

Je, inafaa kutoa zaka kwa ajili ya kambi? Zaka ina wenyewe, nao ni watu, si majengo wala shughuli. Mwanafunzi masikini, au mzee wake masikini, anapewa zaka mkononi mwake, na akitaka atalipia mchango wa kambi. Maulamaa wameruhusu kumpa zaka anayeshughulika na elimu ambayo kazi ingemkatisha. Wa kale walilisema hilo kwa elimu ya sharia, na wengi wa zama zetu wamelipanua kwa elimu yenye manufaa kwa Waislamu. Ama jungu la pamoja wanalokula tajiri na masikini, kupaka rangi madarasa au kununua jenereta, hayo yatolewe katika sadaka na wakfu.

Je, inafaa binti kulala kambini bila ya maharimu? Kulala katika skuli ya kijijini kwao au ya jirani si safari kwa istilahi ya mafakihi. Suali la msingi ni amani yake. Awepo mwalimu wa kike anayelala nao, mahala pao pawe mbali na pa wavulana na pafungwe, vyoo na maji viwe karibu, na mama wa zamu wawe na ruhusa ya kuingia wakati wowote. Masharti haya yakipatikana, mzee asimzuie. Yakikosekana, kambi ya usiku isiwepo, na wasichana wasome mchana warudi kwao. Tusimtoe binti mmoja muhanga kwa ajili ya asilimia. Na likitokea jambo, lifikishwe kwenye vyombo vya sheria. Kulisuluhisha barazani kwa ajili ya kuficha aibu ya skuli ni dhulma.

Je, mtoto aache chuo wakati wa kambi? Sala na kisomo chake cha kila siku haviachwi. Ama darsa za chuo, mwalimu amruhusu kwa wiki hizo kisha amrejeshe alipoachia. Kumuadhibu kwa ruhusa hiyo ni kumfundisha kwamba dini na elimu ni maadui.

Ndugu zangu wa Micheweni, na nyinyi mlio Unguja, Mombasa, Maskati na Ulaya ambao kila mwaka huchangia magunia ya kambi, endeleeni, na Mwenyezi Mungu awalipe. Ila mwaka huu niongezeeni ombi moja. Kati ya kila magunia kumi, lilindeni moja kwa ajili ya Januari, kwa watoto wa Kidato cha Kwanza ambao hakuna kiongozi atakayepita kuwapiga picha. Mafuta ya taa ya jua, madaftari, posho ndogo ya kijana wa kusimamia usiku: hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Hapo neno "mafuta" ni langu la zamani, taa hizi hazinywi mafuta, lakini betri zake huchakaa na lazima awepo wa kuzibadilisha.

Na kamati za skuli, siku ya sherehe mkishawaita wenye daraja la kwanza, someni na hesabu ya pili: tuliwapokea wangapi miaka minne iliyopita, na leo wamefika wangapi. Isomeni mbele ya wazee, masheha na maimamu, kisha amueni nani atakwenda nyumba gani kuuliza habari za mtoto aliyekosekana.

Wabillahi tawfiq.