Mtoto Aliyeanguka Asinyanyuliwe kwa Pupa

Msimu wa karafuu unapowadia, Unguja na Pemba hujaa neema. Lakini ndio msimu ambao watoto huanguka kutoka mikarafuuni, kama waangukavyo miembeni na kama wagongwavyo barabarani. Leo twapenda kuzungumzia jeraha lililo zito kuliko mengi: lile la pale fuvu linapokalia pingili za shingo.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa chake ni kizito kulingana na kiwiliwili, na kano za shingo yake bado ni legevu. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 8 huumia zaidi juu kabisa ya shingo, karibu na mahali panapoendesha pumzi. Tena, mwaka 1982 madaktari Pang na Wilberger wa Marekani walieleza kuwa uti wa mtoto waweza kujeruhiwa ilhali eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika.

Matibabu yapo. Pingili zilizoachana hushikizwa kwa pete ya chuma ifungwayo fuvuni na kuunganishwa na fulana ngumu, au huungwa kwa upasuaji. Tangu 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Lakini hakuna daktari awezaye kuunga uti uliokatika njiani, na kutoka Pemba hadi huko kuna bahari ya kuvuka.

Kwa hiyo, mengi huamuliwa chini ya mti. Haraka haraka haina baraka: mtoto asikalishwe wala asibebwe begani. Kichwa kishikwe kwa mikono miwili kisicheze. Asipopumua, taya lisukumwe mbele bila ya kupinda shingo. Akitapika, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja. Awekwapo juu ya ubao, mabega na kiwiliwili viinuliwe kwa blanketi lililokunjwa, kwani ubao mtupu humwinamisha shingo.

Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe kuwa vituo vya afya, magari ya wagonjwa na vyombo vya baharini vina mbao na kola za kipimo cha watoto, na kwamba masheha na wachumaji wanafunzwa kuvitumia. Wazazi nao wasiwapandishe watoto mitini. Mtoto ni amana, na karafuu iliyobaki tawini yaweza kungoja.