Mamdani na swali la nani ni mwenyeji

Zohran Mamdani alipochaguliwa kuwa meya wa New York Novemba 2025, wengi hapa Kampala walijivunia mzaliwa wa mji wao. Wachache walikumbuka kwamba baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alikanwa na Uganda mara mbili.

Mara ya kwanza ni 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Mamdani, aliyekulia Kampala, alikimbilia Uingereza, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi Amin alipoanguka 1979. Akarudi Makerere. Mwaka 1984, akiwa mkutanoni Dakar, serikali ya Obote ilimvua uraia kwa kuikosoa.

Aliporejea 1986 hakunyamaza. Aliongoza tume ya kuchunguza serikali za mitaa, akaongoza kituo cha utafiti, na kuanzia 2010 hadi 2022 taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Hoja yake kuu ilibaki moja: mkoloni alitugawa kuwa wenyeji na wageni, kila kabila na eneo lake, nasi baada ya uhuru tukaulinda mgawanyo huo. Yeye anataka haki zifuate mahali mtu anapoishi, si asili ya babu yake.

Hili si suala la darasani tu. Katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Rwanda, anaeleza jinsi wakimbizi wa Kinyarwanda waliopigana msituni pamoja na NRA walivyokuja kuambiwa kwamba wao ni wageni. Oktoba 1990 wakavuka mpaka na bunduki.

Je, tumejifunza? Katiba ya 1995 bado inatazama kama mzazi au babu alitoka katika makabila yaliyokuwapo Uganda Februari 1, 1926. Orodha ilikuwa na makabila 56. Mwaka 2005 yakawa 65. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia Kenya na Rwanda, lakini ili ukipate lazima kwanza uthibitishe uraia wako. Kwa sisi tuliosomea uhamishoni, ambao wazee wetu walizikwa ng'ambo, ushahidi huo si rahisi kuupata.

Tofauti ni moja. Profesa alipovuliwa uraia, vyuo vya nje vilimpokea. Mama anayeuza vitenge Busia au Katuna, akikataliwa dirishani, amepoteza soko lake. Kwa hiyo hoja ya Mamdani inamhusu yeye zaidi kuliko wasomi.